Kibo Imelala, Haijafa: Dalili za Volkano Husomwaje?

Wapandaji wanaofika kreta ya Reusch, juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hupokewa na harufu ya kiberiti. Ni gesi inayopenya kwenye nyufa za miamba, ushahidi kwamba chini ya barafu bado kuna joto.

Kilimanjaro ni volkano tatu. Shira na Mawenzi zimekufa. Kibo, yenye mita 5,895, imelala. Mlipuko wake mkubwa wa mwisho unakadiriwa kutokea miaka 150,000 hadi 200,000 iliyopita, hivyo mkazi wa Marangu au Machame hana haja ya kukosa usingizi. Hata hivyo, volkano iliyolala inaweza kuamka.

Wataalamu huchunguza mambo matatu. La kwanza ni mitetemo: magma ikipanda huvunja miamba, na seismomita hunasa hata mtikisiko ambao binadamu hausikii. La pili ni umbo la mlima. Magma ikijikusanya, ardhi huvimba kidogo kidogo, na vipokezi vya satelaiti vilivyofungwa kwenye mwamba hupima badiliko la milimita chache. La tatu ni gesi: salfa dioksidi ikiongezeka ghafla, kuna jambo.

Mfano uko jirani. Volkano ya Ol Doinyo Lengai, kilomita zipatazo 170 kutoka Moshi, ilitikiswa na matetemeko Julai 2007. Septemba ikalipuka na kurusha majivu. Tangu 2016 watafiti wa Marekani na wenzao wa Tanzania wamefunga vipokezi kuizunguka, na mwaka 2022 vilionyesha ardhi ikiinuka. Lengai haikulipuka kwa kishindo baada ya hapo. Dalili moja, basi, haitoshi kutangaza hatari. Inahitaji kulinganishwa na nyingine kwa miaka mingi.

Wakati mwingine muda huwa mfupi mno. Nyiragongo, karibu na Goma, ilipolipuka Mei 22, 2021, ishara za wazi kwenye mitambo zilitangulia lava kwa muda usiofika saa moja. Ndiyo maana vipimo peke yake havitoshi. Lazima watu wajue mapema wakimbilie wapi.

Tetemeko dogo likitokea Moshi, usikimbilie kusambaza uvumi kwamba Kibo inalipuka. Subiri taarifa ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST). Na popote majivu ya volkano yanapoanguka, kaa ndani, ziba pua na mdomo kwa barakoa, na funika maji ya kunywa. Wenye pumu na watoto walindwe kwanza.