Kutoka Miombo hadi Mwaloni: Rekodi za Katavi kwa Anayekwenda kwa Miguu

Mwulize Mtanzania rekodi za nchi yake, atakutajia Kilimanjaro na mita zake 5,895 kabla hujamaliza swali. Akijitahidi ataongeza Serengeti. Mkoa wa Katavi hautajwi, na jambo hilo linaniuma. Anayeanza safari ya miguu kwenye pori la Mpanda na kuimalizia kwenye mchanga wa Ziwa Tanganyika hukutana na vitu ambavyo havina mfano nchini, na vingine havina mfano duniani. Nitavieleza kwa mfuatano wa njia, si wa ukubwa.

Cha kwanza ni pori lenyewe. Miombo inayoanzia nyuma ya nyumba za mwisho za mji wa Mpanda ni sehemu ya ukanda unaotoka Angola, unapita Zambia na Kongo, unafika Msumbiji. Ndiyo misitu mikavu iliyo mipana kuliko yote barani Afrika. Ukitaka kuiona kwa uzuri wake, nenda kati ya Agosti na Oktoba: ardhi imepauka, moto umeshapita, mvua haijadondoka hata tone, na bado miti inatoa majani machanga mekundu kana kwamba imeambiwa siri ambayo mbingu haijaitangaza. Inua macho upande wa Inyonga na utaona mizinga ya asali imening'inia matawini. Ndorobo nao wapo, na wanauma hata juu ya nguo. Acha nyumbani shati la bluu au jeusi, maana rangi hizo huwavuta.

Hifadhi ya Taifa ya Katavi, makao makuu yake yakiwa Sitalike kusini mwa Mpanda, ilitangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hadi kilomita za mraba 4,471. Kwa miaka mingi ilikuwa ya tatu kwa ukubwa nchini, baada ya Ruaha na Serengeti, mpaka hifadhi mpya za mwaka 2019 zilipoipita. Ukubwa si hoja sana. Hoja ni Mto Katuma wakati wa kiangazi. Maji yanapokatika na kubaki mabwawa, viboko waliokuwa wametawanyika katika mbuga na katika maziwa ya msimu ya Katavi na Chada hujazana humo kwa mamia. Ni miongoni mwa mikusanyiko mikubwa kabisa ya viboko Afrika, na karibu na Ikuu huonekana waziwazi. Migongo imebanana hata maji hayaonekani, tope linafukuta kama uji mzito jikoni, na mmoja akijigeuza basi kundi zima linakoroma kwa hasira. Madume wana majeraha mabichi shingoni na ubavuni. Tazama sasa ukingo wa mto: yale matundu meusi ni mapango ya mamba. Hujisokota humo siku za ukame, pengine mmoja juu ya mgongo wa mwenzake, wakingoja mvua. Nyati wa mbuga ya Katisunga nao hutembea kwa makundi yanayoweza kuvuka elfu moja.

Kando ya Ziwa Katavi upo mkwaju ambao kwangu ndio mti maarufu kuliko yote mkoani. Wabende husimulia kwamba mzimu wa Katabi, mwindaji wa kale aliyeipa hifadhi jina lake, unakaa hapo. Watu huacha sadaka chini yake. Ukifika, usichume ukwaju.

Sasa njia zenyewe, maana watu walizikanyaga karne nyingi kabla ya gari. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akimtafuta Livingstone, alikuta vita ya mtemi Mirambo imefunga njia ya kawaida ya Ujiji. Msafara wake ukazunguka kusini, ukapitia Ukonongo na Ukawendi, nchi ambazo kwa sehemu kubwa leo ni Katavi. Vitabu humtaja yeye. Mizigo ilibebwa na wapagazi ambao wengi wao majina hayakuandikwa, na rekodi ya mwendo katika pori hili ni yao kwanza.

Msafara wa ajabu kuliko yote ulifuata miaka minane baadaye. Mwaka 1879, kwa fedha za Mfalme Leopold wa Ubelgiji, tembo wanne waliofugwa India walishushwa pwani karibu na Dar es Salaam waje kubeba mizigo hadi Tanganyika. Ilifikiriwa kwamba kama wangeweza, tembo wa Afrika nao wangefundishwa. Wengi walikufa njiani. Kiongozi wao, Frederick Carter, aliuawa mwaka 1880 huko Mpimbwe, ndani ya mkoa huu huu, katika mapigano ambayo hayakuwa yake.

Waliokuwa wakiwangoja tembo hao walikuwa Karema, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda, na hapa sina budi kusimama. Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji, alianzisha kituo hapo mwaka 1879 kando ya maji. Ziwa lilikuwa limejaa kupita kawaida, kwa kuwa Mto Lukuga upande wa Kongo, njia pekee ya maji kutoka ziwani, ulikuwa umeziba. Lukuga ulipozibuka, maji yakaanza kushuka, na katika miaka michache ngome ile ikajikuta mbali na ufuko. Mwaka 1885 kituo kilikabidhiwa wamisionari wa White Fathers, na baadaye kikapata mtu ambaye rekodi yake naithamini kuliko kina cha ziwa lolote. Adrien Atiman alizaliwa nchi ya Mali, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa, akasomea utabibu huko Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Aliwatibu watu wa mwambao huo kwa zaidi ya miaka 65, mpaka alipofariki mwaka 1956. Sijui utumishi mwingine wa tabibu mmoja mahali pamoja nchini unaokaribia huo.

Kisha ziwa. Ni refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani, kilomita zipatazo 670, na kina chake cha mita 1,470 kinapitwa na Baikal ya Urusi peke yake. Karibu sehemu moja ya sita ya maji baridi yasiyoganda juu ya uso wa dunia imo humo. Tembea mwaloni Ikola au Karema asubuhi mitumbwi inaporudi na utaona dagaa wakianikwa, migebuka, na ukibahatika kuhe, mmoja wa samaki wakubwa kabisa katika jamii ya sato na perege. Ziwa hilo hilo lina ndugu yake mdogo kuliko wote, ambaye nyumba yake ni ganda tupu la konokono.

Kaskazini, ukishavuka mpaka wa Katavi, ipo Mahale, hifadhi tangu mwaka 1985. Haina barabara ndani, watu huingia kwa boti na kutembea. Kilele cha Nkungwe kina mita 2,462. Katikati ya Mahale na Hifadhi ya Katavi, kwenye milima ya Ntakata wilayani Tanganyika, sokwe wanaishi katika misitu inayolindwa na vijiji 8 vinavyolipwa kwa hewa ukaa. Hiyo naiona rekodi njema kuliko nyingi: msitu uliosimama unaleta pesa ya zahanati na madarasa.

Viongozi wa mkoa na halmashauri, wekeni vibao kwenye njia hizi na mfundishe vijana wa Karema, Ikola na Sitalike kuongoza wageni. Nawe msomaji, panga safari kati ya Juni na Oktoba. Ndani ya hifadhi usitembee bila askari mwenye silaha. Nje yake, pita kwanza ofisi ya kijiji uombe mwenyeji wa kukuongoza, na umlipe vizuri.