MTOTO WA MFANYAKAZI NA MLANGO WA CHUO KIKUU

Mashirika ya kuwasaidia wanafunzi yameungana. Chama nacho kina kazi yake.

Wenzetu wa viwanda vya Masoro, hapa Kigali, wana majirani wakubwa. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kilifungua tawi lake katika mji huu mwaka 2011, na tangu 2019 kina majengo yake karibu na eneo la viwanda. Chuo cha African Leadership nacho kiko upande huo huo. Kutoka lango la kiwanda hadi lango la chuo si safari ndefu. Lakini ni wazazi wangapi katika zamu ya asubuhi wanaojua mtoto wao anaweza kuingiaje katika lango lile la pili?

Katika matawi tunayotembelea, mjini na kwenye mashamba ya chai, tunaulizwa swali moja. Mzazi anasema: "Mtoto wangu amemaliza mwaka wa sita wa sekondari, na alama zake ni nzuri. Sasa niende ofisi gani?" Wengi wetu tuliishia shule ya msingi, kwa hiyo swali hili hatuwezi kulijibu kwa uzoefu. Tumelazimika kuuliza na kujifunza. Haya ndiyo tuliyoyakuta.

NJIA YENYE MALANGO MENGI

Kufaulu mtihani ni lango la kwanza tu. Kwa vyuo vya hapa nyumbani njia inaeleweka kidogo. Chuo Kikuu cha Rwanda kiliundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha vyuo vya serikali, na mkopo wa serikali kwa wanafunzi hupitia Benki ya Maendeleo ya Rwanda, BRD. Maombi yana tarehe zake, na mkopo ni deni la kulipwa mwanafunzi akishapata kazi. Mzazi azijue tarehe hizo mapema, asingoje kusikia kwa jirani.

Kwa vyuo vya nchi za nje malango ni mengi zaidi. Vyuo vingi vya Marekani hufunga kupokea maombi mwanzoni mwa Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Mwombaji hutakiwa kuandika insha juu ya maisha yake, kupata barua za walimu, kuonyesha alama zake za miaka yote, na mara nyingi kufanya mtihani wa Kiingereza. Vyuo vingine hutaka pia mtihani uitwao SAT. Mtihani huo peke yake, kwa mwanafunzi aliye nje ya Marekani, unagharimu zaidi ya dola 100. Ada ya kupeleka maombi katika chuo kimoja mara nyingi hufika dola 50 au zaidi, na mwanafunzi huomba vyuo kadhaa. Mchumaji wa chai anayelipwa kwa kilo na apige hesabu mwenyewe: ni siku ngapi za kusimama mbele ya mizani kabla hata chuo hakijamjibu mtoto wake?

Tena liko jambo la lugha. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza mahali pa Kifaransa. Wazazi wengi waliosoma kabla ya hapo walisoma kwa Kinyarwanda au kwa Kifaransa. Karatasi zote za vyuo hivi ni za Kiingereza. Mtoto anabaki peke yake na fomu, na mzazi anabaki kumwombea dua.

Mtoto wa tajiri hapati taabu hii. Katika shule wanazosoma watoto wa wenye fedha yuko mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu: kumshauri mwanafunzi achague chuo gani, kumsahihishia makosa, kumkumbusha tarehe, na kuzungumza na maofisa wa vyuo wanaoandikisha wanafunzi. Kazi hiyo huitwa ushauri wa kujiunga na chuo. Kwa hiyo watoto wawili wenye akili sawa na alama sawa wanafika mbele ya lango moja, mmoja ana mtu wa kumshika mkono na mwingine hana. Akikosa nafasi yule wa pili tunasema hana bahati. Tungesema ukweli zaidi tukisema hakuwa na mshauri.

KAZI ILIYOFANYIKA KIGALI

Mashirika kadhaa yaliona pengo hilo. Hapa Kigali shirika la Bridge2Rwanda lilianza mwaka 2011 utaratibu wa kuchagua vijana waliomaliza sekondari kwa alama za juu na kuwaweka katika masomo ya matayarisho. Kijana alifundishwa Kiingereza cha kuandika na kusema, akafanyishwa mazoezi ya mitihani, akasaidiwa kuandika insha zake na kutafuta chuo kitakachomlipia. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa asome nje kisha arudi kuijenga nchi.

Wengine walikwenda kwa njia nyingine: walileta chuo karibu na kijana. Kepler ilianza Kigali mwaka 2013. Wanafunzi wake walisoma hapa hapa na kupata shahada ya Chuo Kikuu cha Southern New Hampshire cha Marekani. Mwaka 2015 Kepler ilifungua masomo katika kambi ya wakimbizi ya Kiziba, wilaya ya Karongi, ili hata mtoto asiye na nchi ya kumtetea apate kusoma.

Hizi ni kazi njema. Lakini shirika moja lina wafanyakazi wachache na fedha chache. Likiandikia chuo kikubwa cha ng'ambo barua ya kuomba ada ipunguzwe, ni sauti moja. Sisi wa vyama tunalijua jambo hili vizuri. Mfanyakazi mmoja akienda ofisini kulalamikia mizani huambiwa arudi kazini. Wakienda mia, meneja huvuta kiti.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Katika miaka ya 2010 mashirika ya namna hii kutoka nchi nyingi za Afrika yalianza kukutana na kuunda umoja unaoitwa HALI Access Network. Jina hilo linawahusu wanafunzi wenye alama za juu na kipato cha chini. Bridge2Rwanda ya Kigali ilikuwamo. Imo KenSAP ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2004 na mwandishi wa Kimarekani John Manners pamoja na Mike Boit, mkimbiaji aliyepata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya mwaka 1972. Hiyo ilianza kwa vijana wa Bonde la Ufa. Wamo pia wenzao wa Zimbabwe, ambao utaratibu wao wa USAP ulianza mwaka 1999 na baadaye ukaenea katika nchi nyingine. Mkutano wao mkuu wanauita Indaba, neno la kusini mwa Afrika lenye maana ya baraza.

Umoja huo unafanya nini? Kwanza, wanapeana habari. Shirika la nchi moja likigundua chuo kinachowalipia kweli maskini, mashirika mengine yanajua. Likigundua chuo kinachotoa ahadi ya nusu ada na kumwachia mzazi nusu asiyoiweza, wote wanajihadhari. Pili, wanafundishana kazi, mshauri mpya asianze gizani. Tatu, na hili ndilo kubwa, wanazungumza na vyuo kwa sauti moja: ada ya maombi iondolewe kwa maskini, na masharti yasiyo ya lazima yapunguzwe. Kwa hayo wanakutana pia na vyama vya kimataifa vya washauri na maofisa wa vyuo, kikiwamo kile kiitwacho International ACAC, ambamo wanaotafuta nafasi na wanaozitoa wanakaa meza moja.

Ndugu zetu, je, huo si mkataba wa pamoja kwa jina lingine?

MBEGU ILIPANDWA NA MTU WA CHAMA

Wako watakaouliza: mambo ya vyuo na chama cha wafanyakazi wapi na wapi? Tuwakumbushe historia.

Tom Mboya wa Kenya alizaliwa mwaka 1930, na baba yake alikuwa mfanyakazi katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo. Baada ya sekondari hapakuwa na fedha za kumwendeleza, akasomea kazi ya ukaguzi wa afya. Akiwa mfanyakazi wa manispaa ya Nairobi akaunda chama cha wafanyakazi wenzake, na mwaka 1953 akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Kenya. Mwaka 1955 alikwenda kusoma Uingereza katika Chuo cha Ruskin, Oxford, chuo kilichojengwa kwa ajili ya wafanyakazi.

Mtu huyo wa chama ndiye aliyekwenda Marekani kuwaombea vijana wa Kiafrika nafasi za masomo. Aliungana na marafiki wa huko, wakaunda mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika. Vyuo vilitoa nafasi, watu mashuhuri kama mchezaji Jackie Robinson walichangisha fedha za ndege, na huku nyumbani wazazi na vijiji vikachanga shilingi zao. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000 ili safari ziendelee. Hadi mwaka 1963 walikuwa wamekwenda karibu vijana 800 kutoka Afrika ya Mashariki na ya Kati. Katika kundi la 1960 alikuwamo msichana aliyeitwa Wangari, ambaye dunia ilimjua baadaye kama Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004.

Mboya aliuawa Nairobi mwaka 1969. Mwaka 2002 binti yake, Susan Mboya, alianzisha mfuko wa Zawadi Africa kuwapeleka vyuoni wasichana wa jamaa zisizo na uwezo. Zawadi nayo imo katika umoja ule wa HALI. Basi kamba ni ile ile, kutoka kwa mtoto wa mfanyakazi wa mkonge mpaka mashirika ya leo.

TUSIFUMBE MACHO

Pamoja na sifa hizo, hatuna budi kusema mambo matatu.

La kwanza, nafasi ni chache. Shirika likichukua vijana makumi, maelfu wanabaki. Ngazi ya wachache isitusahaulishe mlango wa wengi. Lazima tuendelee kudai shule nzuri za serikali na mikopo inayotosha chakula na kitanda cha mwanafunzi, kwa kuwa huko ndiko watakakosoma walio wengi wa watoto wetu.

La pili, anayetegemea mlango wa mwenziwe hana ufunguo. Mwishoni mwa Mei 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kwa wiki kadhaa miadi mipya ya visa za wanafunzi duniani kote. Juni mwaka huo huo ikazuia visa hizo kwa raia wa nchi kadhaa, na jirani zetu wa Burundi wamo. Kijana aliyekuwa na barua ya chuo mkononi alijikuta hana safari. Kwa hiyo mshauri mwema humwambia mtoto aombe pia vyuo vya Afrika, pamoja na vile vilivyo mlangoni petu.

La tatu ni matapeli. Wako watu wanaowazungukia wazazi wakiuza "nafasi za ng'ambo". Wanataka fedha kwanza, wanaonyesha barua yenye muhuri, kisha simu yao haipatikani. Wazazi wameuza ng'ombe na viwanja kwa ajili ya karatasi zisizo na maana. Shika kanuni hii: mashirika ya kweli huchagua kwa alama na hali ya mtoto, na hayamuuzii mzazi nafasi. Ofisi za EducationUSA zinazofanya kazi na ubalozi wa Marekani, hata hapa Kigali, hutoa ushauri bila malipo. Anayekutoza ili "akupitishe", mwogope.

CHAMA KIFANYE NINI

Sisi tunapendekeza kila tawi lifanye haya:

1. Lichague ndugu wawili wa kushughulikia elimu. Wazijue tarehe za mikopo, za vyuo na za mashirika, na wazibandike kwenye ubao wa matangazo kabla wakati haujapita.

2. Lidai kwa mwajiri barua ya mapato. Chuo kinachotoa msaada kwa maskini hutaka mzazi athibitishe kipato chake. Mwenye hati ya mshahara anathibitisha kwa siku moja. Kibarua wa chai anayelipwa kwa kilo hana karatasi, na mtoto wake anaweza kukosa msaada kwa sababu umaskini wake haukuandikwa popote. Dai hili halimgharimu mwajiri kitu, nalo linafaa kuingia katika mkataba wa pamoja.

3. Liwakaribishe washauri wa mashirika waje mashambani na viwandani siku ya mapumziko. Wengi wao huwapata wanafunzi kupitia shule zenye jina. Mtoto wa kambi ya chai hawamjui mpaka tuwaonyeshe aliko.

4. Liwaandike vijana wetu waliofika vyuoni, na liwaombe wawasaidie wadogo zao kusoma fomu na kusahihisha insha. Huo ndio mchango wa kwanza wa aliyepanda ngazi.

Mashirika yale yameunganisha ujuzi wao na orodha zao za vyuo. Wanachokosa ni watu wanaojua kila nyumba katika kambi ya chai na kila familia nyuma ya kiwanda, wanaojua ni mtoto gani anasoma usiku kwa mwanga wa simu. Watu hao ni sisi. Tuupeleke uanachama wetu katika umoja huo, na matokeo ya mwaka wa sita yatakapotoka tena, katibu wa tawi awe na jibu kwa mzazi atakayegonga mlango wake.

Umoja ni nguvu.