Maji Tuliyokulia Chini ya Meru

Sisi watoto wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, tulikuwa na maji ya aina mbili. Kulikuwa na maji ya sikukuu, ambayo tuliyafuata kwenye chemchemi ya Chemka, na maji ya kila siku, ambayo tuliyachota mtoni na kwenye chemchemi za karibu na nyumbani. Ya kwanza yalitupa furaha, na ya pili ndiyo yaliyotujenga mifupa na meno. Naandika kwa sababu wazazi wengi wanaojenga leo kuzunguka Mlima Meru wanaijua vizuri Chemka, lakini maji yanayoingia kwenye uji wa mtoto wao hawayajui.

Shangazi yangu aliolewa upande wa Rundugai, wilayani Hai. Shule zikifungwa mama alitupandisha basi hadi Boma Ng'ombe, na kutoka hapo tuliteremka kusini kwenda Chemka kwa miguu au kwa kudandia lori la mtu mwenye huruma. Njia yote ni vumbi, migunga na jua kali, mpaka unadhani umepotea. Halafu ghafla unaona kundi la mikuyu mikubwa, mizizi yake imening'inia juu ya bwawa la rangi ya samawati, maji maangavu hata mchanga wa chini unauona. Tulijirusha kutoka kwenye mizizi ile. Tukitulia, samaki wadogo walikuja kutudonoa vidole vya miguu, na mdogo wangu alipiga kelele kila walipomgusa. Watu hupaita maji moto, ingawa maji yenyewe ni vuguvugu tu. Kwa mtoto aliyetoka kwenye baridi ya Julai chini ya Meru, uvuguvugu ule ulikuwa neema.

Chanzo cha chemchemi kama hizi ni milima yetu. Mvua inayonyesha kwenye misitu ya Kilimanjaro na Meru haimwagiki yote mitoni. Sehemu yake hupenya kwenye nyufa za miamba, ikasafiri chini kwa chini, kisha ikaibuka tambarare mbali na ilikoanzia. Meru, yenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ni mlima wa volkano ambao mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Maji yakipita ndani sana ardhini hupata joto. Ndiyo maana Bonde la Ufa lina chemchemi zenye joto kali kuliko za kwetu, kama Maji Moto ya Hifadhi ya Ziwa Manyara na zile za Ziwa Bogoria nchini Kenya.

Lakini maji yakisafiri kwenye mwamba huchukua pia madini, na miamba na majivu ya Meru yana floraidi nyingi. Maji ya huku yana kalsiamu kidogo, kwa hiyo floraidi hubaki imeyeyuka badala ya kutuama. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mito na chemchemi kadhaa za upande wetu zimepimwa na kukutwa na zaidi ya miligramu 10. Floraidi haina rangi, haina harufu wala ladha. Mto wetu una rangi ya chai na watu wanauogopa kwa rangi hiyo, kumbe hata maji meupe kama kioo yanaweza kubeba floraidi.

Nyumbani meno yetu sote yalitoka na madoa ya kahawia. Mama aliamini ni urithi wa ukoo. Alichemsha maji ya kunywa kila jioni bila kukosa, na alifanya vema, kwa maana kuchemsha huua vijidudu. Ila floraidi haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inazidi kukolea. Makande yetu yalilainishwa kwa magadi, na magadi nayo yana floraidi. Nilipokwenda sekondari mkoa mwingine, nilikuwa sijafungua mdomo vizuri kabla ya kuulizwa kama ninatoka Arusha. Nilijifunza kucheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja, na wasichana wengi wa kwetu walifanya hivyo hivyo.

Meno yalikuwa mzigo mwepesi. Kijana mmoja tuliyechunga naye mbuzi miguu yake ilipinda mwaka hadi mwaka, mpaka kupanda kilima cha shule kukawa kazi ya nusu asubuhi. Watu walisema amerogwa. Hakuna aliyekuwa amemroga. Floraidi ikizidi kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa na viungo, na mifupa ikishapinda hivyo hainyooki kwa dawa ya kunywa.

Hatari kubwa ni utotoni. Ganda gumu la meno ya kudumu hujengwa tangu mtoto akiwa mchanga hadi karibu miaka 8, na doa likishaingia humo halisuguliki kwa mswaki. Kuogelea Chemka hakuna shida kwa upande huu. Madhara yanatokana na maji tunayokunywa na kupikia.

Njia za kujikinga zipo. Kituo cha Ngurdoto, karibu kabisa na tulikokulia, kimefanya kazi miaka mingi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa kwa joto linalotakiwa, husagwa, na maji yakipita ndani yake floraidi hunaswa. Mkaa huo huchoka, hivyo lazima ubadilishwe kwa wakati. Dakta Askwar Hilonga, mhandisi wa Taasisi ya Nelson Mandela mkoani Arusha, alibuni chujio linalotumia mchanga na chembe ndogo mno za kunasa uchafu, na mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi. Mradi mkubwa wa maji wa jiji la Arusha, uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umeleta visima vipya. Na mvua ya masika ni ya bure: maji yanayotiririka kwenye bati safi hayajapita kwenye mwamba.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu wa Usa River, Ngurdoto, Maji ya Chai na Ngarenanyuki, usichimbe kisima wala kununua kiwanja kabla ya kupeleka chupa ya maji maabara kupimwa. Kama maji safi ni machache, yatenge kwanza kwa uji, chai na chakula cha watoto. Ya mto yatumie kufulia nguo. Punguza magadi jikoni. Na ukimwona mtoto mwenye meno ya kahawia, usimcheke. Waulize wazazi wake wanachota wapi.