MWANAMKE ALIYETOKA KWENYE DOSIE ZA SIRI, AKAANDIKA VITABU



Tunavijua sisi wote vile vitabu vya wapelelezi vinavyopita kitanda mpaka kitanda huko dortuari. Jalada limepasuka, kurasa za mwisho zimepotea, lakini tunasoma tu. Ndani yake mpelelezi ni mwanamume karibu siku zote. Ana bastola na motokari ya mbio. Mwanamke akionekana, ni wa kuleta kinywaji ao wa kumsaliti.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alituletea maulizo mawili: «Wale wanaoandika vitabu hivi, kazi yenyewe waliijua? Na mwanamke anaweza kuifanya?» Maulizo ni mazuri. Kwa kuyajibu tumechagua maisha ya mtu mmoja, Stella Rimington wa Uingereza.

Alizaliwa London mwaka wa 1935. Alisoma lugha na vitabu vya Kiingereza kwenye universite ya Edinburgh, kiisha akajifunza kazi ya kutunza karatasi za zamani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyo: kupanga maandiko ya serikali ya jimbo, kuyasoma, kujua kila karatasi inakaa wapi. Tukumbuke jambo hili, maana tutalirudilia.

Mwaka wa 1965 alimfuata bwana yake aliyetumwa kwenye ambasade ya Uingereza huko New Delhi, katika inchi ya India. Mwaka wa 1967 mtu mmoja wa ambasade akamwomba amsaidie kazi ya biro na kupiga mashini. Kumbe mtu yule alikuwa wa MI5, idara ya siri inayolinda usalama ndani ya Uingereza. Basi mlango aliouingilia Stella ulikuwa mlango wa karani. Waliporudi London mwaka wa 1969, aliomba kazi ya kudumu katika idara ile.

Hapo alikuta ukuta. Wanaume wenye diploma waliingia kama maofisa. Wanawake wenye diploma ya namna ileile waliwekwa kuwa wasaidizi tu: kupanga dosie, kuandika ripoti. Kukutana na watu wanaoleta habari za siri haikuhesabiwa kuwa kazi ya mwanamke. Wanawake wale hawakunyamaza. Katika miaka ya 1970 walilalamika, na pole pole mlango ukafunguliwa. Stella akawa ofisa, akafanya kazi juu ya wapelelezi wa inchi nyingine, juu ya watu waliozaniwa kutaka kuangusha serikali, na juu ya magaidi. Mwaka wa 1992 aliwekwa kuwa mkubwa wa MI5 yote, mwanamke wa kwanza kabisa. Tena alikuwa mkubwa wa kwanza ambaye serikali ilitangaza jina lake mbele ya watu wote. Matokeo yake, wapiga picha wa magazeti walimfuata mpaka nyumbani, na ikamlazimu kuhama pamoja na jamaa yake.

Tusimfanye kuwa malaika. Wakati wa mgomo wa wachimba migodi wa Uingereza, 1984–1985, idara yake ililaumiwa sana kwamba iliwachunguza watu waliokuwa wakidai haki yao. Yeye alijibu kwamba walifuata wale tu waliotaka kuutumia mgomo kwa kuangusha serikali. Mabishano hayo hayajaisha hata leo.

Aliacha kazi mwaka wa 1996. Mwaka wa 2001 alitoa kitabu juu ya maisha yake. Wakubwa wengi walikasirika, hata ingawa aliwapa maandiko yake wayasome kwanza. Ndiyo sheria: aliyefanya kazi ile anafungwa na siri mpaka kufa, na kila kitabu chake lazima kipite mbele ya idara kabla ya kuchapwa.

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Mtu aliyekatazwa kusema aliyoyaona atawezaje kusema kweli? Stella alipata njia: hadithi. Mwaka wa 2004, akiwa na miaka 69, alitoa «At Risk», akamshukuru mwandishi Luke Jennings aliyemsaidia kutafuta habari na kuandika. Mtu mkubwa wa kitabu hicho ni Liz Carlyle, ofisa wa MI5, mwanamke. Mpaka mwaka wa 2018 vitabu vya Liz vilifika kumi. Majina na mambo yanayotokea ni ya kubuni. Lakini ginsi kazi inavyofanyika, hiyo ameijua kwa mikono yake.

Na kazi hiyo inafanyika namna gani? Liz anakaa mbele ya ripoti mbili zisizopatana na kujiuliza nani anasema uongo. Anamsikiliza mtu mwenye woga anayeleta habari, naye hajui kama mtu yule atarudi salama. Anabishana na wakubwa wasiotaka kumsikia. Bastola inaonekana mara chache. Karatasi zinaonekana kila siku. Ndiyo maana tulisema tukumbuke kazi yake ya kwanza. Yule aliyejifunza kusoma karatasi za zamani kwa uvumilivu, ndiye aliyejua baadaye kusoma dosie, na mwishoni kuandika kitabu.

Stella Rimington alikufa mwezi wa 8 mwaka wa 2025, akiwa na miaka 90.

Basi, ndugu wa mwaka wa tatu, majibu ni haya: wengine waliijua kazi, na mwanamke aliifanya mpaka kiti cha juu. Na ninyi dada zetu wa sekisio ya biashara, mnaochekwa kwamba mnajifunza «kupiga mashini tu», mwambieni anayecheka aje asome makala hii.

Tunawaachia zoezi moja. Jioni ya leo, wakati wa chakula, tazameni meza moja kwa dakika kumi. Andikeni mistari kumi juu ya mliyoyaona, pasipo kutaja jina la mtu hata moja. Mtajua mara moja kwamba kutazama ni kazi, na kuficha jina ni kazi kubwa zaidi. Mistari iliyo mizuri tutaichapa katika namba ijayo.

Redaksio