Msusi wa Migungani

Akina mama wengi wa pwani wanajua kusuka ukili. Tunachagua miyaa, tunaichana, kisha vidole vinakwenda vyenyewe huku mazungumzo yakiendelea barazani. Sanaa hii tumeirithi kwa mama zetu, nao waliirithi kwa bibi zetu. Wiki hii tunapenda kuwapeleka wasomaji wetu Isiolo, tukamtazame msusi mwingine asiye na vidole: ndege aitwaye kwera, ambaye wengine humwita mnana.

Ukitoka mjini Isiolo kuelekea kaskazini kwa barabara ya Moyale, nchi huwa kavu na miti mingi ni migunga yenye miiba. Kushoto iko hifadhi ya Buffalo Springs, na kulia iko Shaba. Zote mbili zimepakana na mto Ewaso Nyiro, ambao kingo zake zimeota mikoma. Mvua zinaponyesha na majani kuchipua, matawi ya migunga hujaa viota vinavyoning'inia kama vikapu vidogo.

Mjenzi ni dume. Huuma ukingo wa jani bichi, akalishika kwa mdomo na kuruka, nalo likachanika ukanda mrefu. Huchagua jani bichi kwa sababu likavu halipindiki. Kwanza hufunga ukanda kwenye ncha ya tawi, akiushika kwa mguu na kuupitisha kwa mdomo juu na chini, mpaka apate pete. Husimama ndani ya pete hiyo na kusuka kuizunguka: upande mmoja chumba cha mayai, upande wa pili mlango unaotazama chini. Ncha ya tawi ni nyembamba, hivyo nyoka hupata taabu kuifikia.

Kazi ikiisha, dume huning'inia mlangoni akipiga mbawa na kuita. Jike huingia, akakagua, akavutavuta kuta kwa mdomo. Akiridhika, hutandika ndani nyasi laini na manyoya. Asiporidhika, huondoka zake. Na kiota kikikauka bila kupata mwenyewe, mara nyingi dume hukibomoa na kuanza upya. Madume machanga husuka ovyo mwanzoni, kisha mazoezi huwapa ustadi. Hata huku migungani, fundi huanza kwa kukosea.

Si kwera wote wajengao hivyo. Wako wakubwa, wenye kichwa cheupe, ambao hurundika vijiti vya miiba, na kuitandaza miiba mingine juu ya tawi liendalo kiotani ili adui asipite. Wako pia wadogo waishio kwa makundi, wakisaidiana kulisha makinda ya jozi moja, kama jamaa wanaolea mtoto wa ukoo.

Tumeyaeleza haya kwa sababu. Shule zinapofungwa, watoto wetu hutoka na manati na fimbo ndefu, na kiota huwa shabaha nyepesi. Kuangusha kiota huchukua dakika moja, na mara nyingi ndani mna mayai au makinda. Mtoto hafanyi hivyo kwa ukatili. Hajaambiwa tu kwamba ile ni nyumba.

Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.) kwamba masahaba walipokuwa safarini na Mtume (S.A.W.) waliona ndege mdogo mwenye makinda mawili, wakayachukua. Mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume (S.A.W.) aliporejea na kumwona, aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa ajili ya wanawe, akaamrisha arudishiwe. Ikiwa huzuni ya ndege mmoja ilimsimamisha mbora wa viumbe, sisi tuna udhuru gani wa kunyamaza?

Basi tunawausia wazazi jambo jepesi. Chini ya mti wenye viota hupatikana vilivyoanguka, vikavu na vitupu. Mchukue mwanao, muokote kimoja, mkifumue pole pole, uzi baada ya uzi. Kisha mwambie ajaribu kukirudisha kilivyokuwa. Atashindwa, nasi pia tutashindwa pamoja na vidole vyetu kumi. Hapo ndipo atakapouinua uso wake kuvitazama vile vilivyobaki juu, na fimbo ataiweka chini mwenyewe.