Okidi Pwani haifi kwa kiu, hufa kwa maji

Okidi yangu ya kwanza ilidumu wiki sita. Ilikuwa ile ya madukani, yenye majani mapana na maua kama kipepeo, ambayo wataalamu huiita Phalaenopsis. Aliyeniuzia aliniambia ni mmea unaopenda unyevu, niumwagilie kila asubuhi bila kukosa. Nikatii. Majani yalipolegea nikadhani ina kiu, nikazidisha. Nilipokuja kuing'oa, mizizi ilikuwa ya kahawia na laini kama ndizi iliyooza.

Tangu hapo nimesikia kilio hichohicho kutoka kwa wengi, na mwisho wake huwa ni kwamba okidi ni maua ya watu wa bara, hayawezi joto letu. Si kweli hata kidogo. Asili ya Phalaenopsis ni nchi za joto na mvua kama Ufilipino na Indonesia. Huko haioti ardhini. Hushika matawi ya miti, na mizizi yake hukaa wazi ikipigwa na upepo. Kila mzizi umefunikwa tabaka jeupe kama sponji, ambalo hufyonza mvua kwa dakika chache kisha hukauka. Muuzaji wangu hakukosea kusema inapenda unyevu, ila unyevu wenyewe ni wa hewani. Mizizi ikikaa majini mchana na usiku hukosa pumzi, huoza, na mmea usio na mizizi hauwezi kunywa. Ndiyo maana majani hulegea huku chungu kimejaa maji.

Okidi hii hutaka unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 50 na 80. Mtu wa Nairobi hulazimika kuhangaika kuupata. Sisi wa Mombasa, Malindi au Lamu tunaishi ndani yake siku nyingi za mwaka, na ushahidi ni chumvi mezani inavyogandamana. Basi itoe okidi kwenye chumba chenye kiyoyozi, maana hewa yake ni kavu. Iweke barazani, penye kivuli cha makuti au karibu na dirisha lipatalo jua la asubuhi tu. Jua la saa saba litaunguza majani.

Kisha ibadilishie makazi. Zile nyuzi laini inazokuja nazo kutoka dukani hushika maji mno kwa hewa yetu. Tafuta chungu cha udongo chenye matundu mengi, ujaze vipande vya makaa vya ukubwa wa kidole gumba vikichanganywa na makumbi ya nazi. Makumbi yana chumvi, kwa hivyo yaloweke siku kadhaa ukibadilisha maji kila siku. Usitie udongo wa shamba hata kiganja kimoja.

Chumvi ndiyo adui ambaye wengi hatumtilii maanani. Visima vingi vya kwetu vina maji ya chumvichumvi, na asumini huenda ikayavumilia, lakini okidi haiwezi. Chumvi hujikusanya kwenye makaa na kuunguza ncha za mizizi. Kinga maji ya mvua. Mvua ikikosekana, yale yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi hayana chumvi. Mimi huyawekea ndoo safi nje ya dirisha, na majirani wameshazoea kunicheka.

Na lini umwagilie? Tazama mizizi. Ikiwa na rangi ya fedha, imekauka, mwagilia. Ikiwa kijani, iache. Wakati wa kaskazi inaweza kuwa kila siku tatu au nne. Masika huenda wiki nzima ikapita. Mwagilia asubuhi, na maji yakituama katikati ya majani yafute, la sivyo moyo wa mmea utaoza.

Kuhusu maua, usiyadai mwezi wa Februari. Ili ichipue shina la maua, Phalaenopsis huhitaji wiki kadhaa za usiku wenye ubaridi, chini ya nyuzi 25. Hapa kwetu hali hiyo huja na kusi, hasa Julai na Agosti, usiku unaposhuka hadi karibu nyuzi 20. Miezi hiyo iache ilale nje.

Lakini kuna okidi ambazo hazikuvuka bahari. Ile nyeupe inayonukia usiku, Angraecum eburneum, huota juu ya miti na miamba ya matumbawe ya ukanda huu, na aina ya kwetu iliitwa giryamae, kwa jina la Wagiriama. Ipo pia Ansellia africana, yenye madoa kama ya chui, ambayo sasa imo katika orodha ya kimataifa ya mimea iliyo hatarini. Nimewahi kuletewa mlangoni fungu la hizi, zimefungwa kamba kama kuni. Zinapobanduliwa mtini mizizi hukatika, na nyingi hufa mikononi mwa mnunuzi. Msitu nao huwa umepoteza mmea uliokua kwa miaka mingi. Makaya ya Wamijikenda yaliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, na wazee hukataza hata kukata tawi humo.

Kabla hujalipa, geuza mmea utazame chini. Uliokuzwa kitaluni una mizizi mizima iliyozoea chungu. Ukiona mizizi imekatika na magome ya mti bado yameng'ang'ania, usinunue, hata ukiambiwa ni shilingi mia.