Kasuku Wetu na Mnunuzi Wake

Kijana mmoja wa chuo chetu hapa Tukuyu alirudi safarini akatusimulia kwa furaha kwamba ameona kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu akiuzwa kizimbani, naye anasema maneno kama mtu. Akatuuliza: "Maalim, tuchange tumnunue, watoto wafurahi?" Siku ile tulinyamaza. Leo twamjibu, ili nyumba nyingine nazo zisikie.

Kasuku huyo si wa misitu ya Rungwe. Kwao ni misitu mikubwa ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, na upande wa mashariki makao yao yafika Uganda, magharibi ya Kenya na pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania. Basi akionekana kwetu, ameletwa na mtu. Je, aliondolewaje kwao?

Wawindaji hupaka ulimbo juu ya matawi, kisha humweka karibu kasuku mwingine aliyefungwa ili alie na kuwaita wenzake. Nao ni ndege wapendao kukaa pamoja. Huja kwa makundi, hunaswa kwa makundi. Wengi hufa kwa kiu, hofu na msongamano kabla ya kufika sokoni. Kati ya mwaka 1982 na 2001, kasuku wa kijivu zaidi ya 1,300,000 walionaswa porini waliingia katika biashara ya mataifa, na waliokufa kabla ya kusafirishwa hawamo katika hesabu hiyo. Nchini Ghana, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba tangu 1992 wamepungua kwa asilimia 90 hata 99.

Msiba wa pili ni shoka. Kasuku hajengi kiota cha vijiti. Hutaga ndani ya shimo la mti mkubwa wa siku nyingi. Mti huo ukiangushwa, nyumba ya vizazi vingi imevunjwa, na mche upandwao leo hautakuwa na shimo kama lile katika umri wetu.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali. Kasuku wadogo wa kijani waitwao wa Fischer, ambao kwao ni kaskazini ya Tanzania, waliuzwa ng'ambo kwa wingi mno hata mwaka 1987 wakawa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa zaidi duniani.

Mwaka 2016 mataifa yaliyokutana Johannesburg yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaonaswa porini. Mwaka huo huo Serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Lakini sheria itafaa nini, ikiwa mnunuzi angali mlangoni na fedha mkononi?

Wanafunzi wetu wanakijua kisa cha masahaba waliochukua makinda mawili safarini, mama yao akaja akipiga mbawa kwa uchungu, na Mtume wetu (s.a.w.) akaamuru warudishwe.

Basi, ewe kijana wetu, jibu ni hili: tusimnunue. Utasema kwamba huyu amekwisha kunaswa, tutamtunza vizuri. Kweli, utamtunza; lakini fedha yako ndiyo itakayonunua ulimbo wa kesho. Na ninyi wadogo, mkiona kiota katika migomba ya nyumbani, tazameni, furahini, kisha mpite.